Riwaya yako haihitaji faharasa: lugha na swali la "wewe ni wa wapi" kwenye hadithi za wahamiaji

Msomaji mmoja kaniandikia na kunitumia kurasa za mswada wake, nafupisha: "Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya kuhusu familia iliyohamia ugenini, wazazi wanaongea lugha yao, watoto wanaongea lugha ya huko, nyumbani kila kitu kinachanganywa. Jamaa aliyenisomea mswada anasema maneno yote ya lugha ya wazazi niyaweke italiki, yaani herufi za kulala, na nyuma ya kitabu niweke faharasa, orodha ya maneno na maana zake, ili msomaji asipotee. Afu anasema mwisho wangu hauko wazi, mhusika lazima ijulikane ni wa wapi, ama arudi kwao ama akubali kwamba huko ndo kwao. Nahisi kuna kitu hakiko sawa kwenye ushauri huo ila siwezi kukieleza. Nisaidie."

Marahaba. Hicho kitu nadhani nakijua. Jamaa yako anausoma mswada kama afisa uhamiaji, anataka kila anayeingia awe na karatasi zake, neno likitokea lioneshe limetoka wapi, mhusika akitokea aseme yeye ni raia wa wapi, na wote wajieleze mbele yake yeye aliyekaa kaunta. Simlaumu sana, manake wasomaji wengi wamezoeshwa hivyo na vitabu vingi vimeandikwa hivyo. Lakini ukiangalia riwaya za wahamiaji ambazo zimedumu utaona karibu zote zimekataa hiyo kazi ya kujieleza, na hapohapo kwenye kukataa ndo hadithi ilipo.

Chukua By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2001. Mzee wa zaidi ya miaka 60, Saleh Omar, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, akiwa na pasi yenye jina la mtu mwingine, na aliyemuuzia tiketi kamwambia ajifanye hajui Kiingereza. Anakijua vizuri tu, tena anakijua cha vitabuni. Sasa yuko mbele ya afisa anayeitwa Kevin Edelman na afisa anaongea, anaongea, anamwambia kwamba wewe si wa hapa, huvithamini tunavyovithamini, hatukutaki, na katikati ya maneno hayo inajulikana kwamba wazazi wa huyo afisa wenyewe walikuja kama wakimbizi kutoka Romania, ila wao anasema ni wa familia moja ya Ulaya. Afu anafungua mzigo wa mzee, anakuta kikasha cha udi, anakichukua. Mzee kimya. Kila kitu kakisikia, kila kitu kakielewa, na sisi tunaosoma tunajua kwamba kaelewa, pale chumbani asiyejua kinachoendelea ni afisa peke yake.

Angalia Gurnah alivyofanya. Hakuna mahali mzee anasema "nilijihisi mgeni", hakuna hotuba ya tamaduni mbili, kuna mtu anayenyamaza ndani ya lugha anayoijua na mwingine anayejianika bila kujua kwamba anasikilizwa. Mbele kidogo inabidi atafutwe mtaalamu wa lugha ya mzee, na mtaalamu anayepatikana ni Latif Mahmud, mtoto wa yule yule mwenye jina ambalo mzee analitumia, na kati ya familia hizo mbili kuna ugomvi wa zamani wa nyumba na madeni kule Zanzibar. Kwahiyo uongo mdogo wa lugha ndo unaofungua kitabu kizima. Ukiitoa lugha pale hubaki na hadithi yoyote. Nakuomba uukague mswada wako kwa kipimo hicho hicho: maneno ya wazazi yanafanya kazi gani? Kama yamewekwa ili msomaji aone tu kwamba hawa watu wana utamaduni, yatoe hata kabla hujafika kwenye habari ya italiki. Ila kama mama anabadilisha lugha katikati ya sentensi kwa sababu mkwe kaingia sebuleni, hilo liache, limebeba kitu.

Italiki sasa. Neno likilazwa linamwambia msomaji hili ni geni. Geni kwa nani? Kama uko ndani ya kichwa cha mama na neno analolisema tangu ana miaka miwili limelazwa, basi msimulizi wako katoka jikoni kaenda kusimama dirishani pamoja na wapita njia. Gurnah mwenyewe amelalamika hadharani kuhusu wachapishaji wanaopenda italiki na faharasa, kwamba vinaufanya ugeni uonekane mgeni zaidi. Junot Díaz naye kwenye The Brief Wondrous Life of Oscar Wao, 2007, Kihispania kakichapa wima humohumo ndani ya Kiingereza, bila tafsiri, na mwaka uliofuata kitabu kikapata tuzo ya Pulitzer. Ila kuna kitu watu hukisahau wanapomtumia kama mfano, kitabu hicho kina tanbihi kibao, ndefu, za matani na za hasira, kuhusu udikteta wa Trujillo kule Jamhuri ya Dominika. Yaani historia kaieleza, lugha hakuieleza. Kwa historia alijua msomaji wake wa Marekani hajui na anapaswa kujua, kwa lugha kamwacha ahangaike kidogo, jinsi wahusika wenyewe wanavyohangaika kila siku na Kiingereza cha watu. Huo uamuzi naupenda kuliko kanuni yoyote ya uchapaji, na wewe unaweza kuufanya, chagua ni kipi msomaji anadaiwa na kipi hadaiwi.

Kuna mahali italiki inafaa, nisije nikaonekana mshari. Kama sura imeandikwa kupitia mtoto aliyezaliwa huko na neno la bibi kwake ni sauti tu, halielewi, basi lilaze, kwake ni geni kweli. Afu kama miaka inavyopita mtoto analielewa, likaanza kuandikwa wima bila mtu kusema chochote, msomaji atalihisi hilo hata asipojua kwanini.

Sasa kuna swali ambalo hukuliuliza ila naona limejificha mswadani, nalo ni lugha ya msimulizi. Wengi mnahangaika na mazungumzo mnasahau kwamba anayesimulia naye anaongea. Samuel Selvon, wa Trinidad, alihamia London mwaka 1950, yaani miaka miwili baada ya meli ya Empire Windrush kufika Tilbury Juni 1948 na mamia ya watu wa Karibi. Alipoanza kuandika The Lonely Londoners alijaribu kusimulia kwa Kiingereza sanifu na wahusika waongee chao, ikakwama. Akabadili, msimulizi naye akaanza kuongea kama wahusika, na kitabu kikatiririka, kikatoka mwaka 1956. Na hicho Kiingereza si cha kisiwa fulani hasa, alikitengeneza, kimekaa hivi kwamba Mtrinidadi, Mjamaika na yule Mnaijeria aitwaye Cap wote wanaishi humo. Fikiria maana yake. Watu wa visiwa tofauti kule kwao hata hawakuwa wanajuana sana, London ndo iliwafanya kuwa kundi moja kwa kuwaita wote jina moja, na Selvon kalichukua hilo kundi kalipa sauti moja ambayo haikuwepo mtaani kabla yake. Kuna sehemu inahusu majira ya joto, kurasa kadhaa, sentensi moja hakuna nukta, mtu anatembea jijini usiku anakutana na huyu na yule na kila kitu kimeungana, na ukiisoma kwa sauti utaelewa kwanini Kiingereza sanifu kingeiua. Kwa hiyo kabla hujanifuata na faharasa niambie kwanza, msimulizi wako anaongeaje? Ukurasa ulionitumia anaongea kama taarifa ya habari, afu wahusika wanaongea kama watu. Hapo ndo pengo lako lilipo.

Njia nyingine kabisa ni ya Emine Sevgi Özdamar, yeye naona hasomwi huku kwetu inavyostahili. Alizaliwa Malatya Uturuki mwaka 1946, akaenda Berlin Magharibi 1965 kama kibarua wa kiwandani, wakati Ujerumani inachukua wafanyakazi kwa mkataba iliyosaini na Uturuki mwaka 1961. Riwaya yake inayoitwa Die Brücke vom Goldenen Horn, 1998, inaanza na wasichana wa hosteli ya kiwanda ambao Kijerumani hawana hata neno. Wakienda dukani kutafuta mayai wanamgeuzia muuzaji mgongo, wanatikisa makalio na kulia kama kuku. Mayai yanapatikana. Na huyo msichana mkuu anakariri vichwa vya habari vya magazeti akipita, bila kuelewa, ili mtu akimsemesha awe na Kijerumani cha kujibia, kwahiyo unamuuliza kitu cha kawaida anakujibu na kichwa cha habari. Unacheka kweli, ila kwenye kicheko hicho huoni mtu aliyedhalilika, unaona mtu mwenye akili anatafuta mlango. Na kwenye uandishi wake Özdamar huibeba misemo ya Kituruki nzimanzima akaiweka kwenye Kijerumani, hailainishi, Mjerumani anasoma lugha yake mwenyewe ikiwa na mwendo mwingine. Alipopata tuzo ya Ingeborg Bachmann mwaka 1991 kulikuwa na kelele, wapo walioona si Kijerumani cha fasihi. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Georg Büchner ambayo ndo kubwa kuliko zote za fasihi ya Kijerumani. Lugha haikuwa imebadilika, wenyeji ndo walisogea.

Usidhani lakini kwamba kujua lugha ya wenyeji kunamaliza mambo. Ifemelu, binti wa Kinaijeria wa Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, 2013, kasoma kwa Kiingereza maisha yake yote, anafika chuo Marekani, binti wa mapokezi anamsemesha neno moja, anapumzika, neno jingine, kama anaongea na mtoto, na inachukua muda Ifemelu kuelewa kwamba anasemeshwa hivyo kwa sababu ya lafudhi yake. Anasinyaa. Anaanza kujizoesha lafudhi ya Kimarekani, anaipata, mpaka siku moja mtu wa kuuza huduma kwa simu anamsifia kwamba anaongea kama Mmarekani kabisa, anasema asante, anakata simu, na ile asante inaanza kumuuma. Kwanini sifa hiyo iwe sifa? Anaiacha ile lafudhi. Kitu kidogo hivyo, simu ya matangazo, na naona kimebeba zaidi ya sura kumi za mjadala kuhusu utambulisho. Wewe una mhusika anayefanya kazi ya simu, sasa unangoja nini.

Kuhusu watoto kuwatafsiria wazazi umeandika vizuri ila umekimbia. Hilo ni jambo lenye utajiri mno na wewe umelipa aya mbili. Mtoto wa miaka kumi kakaa kati ya baba na daktari, au baba na mwenye nyumba, yeye ndo anaamua sentensi ipi ifike na ipi ife njiani, baba anatukana yeye anasema "baba anashukuru", daktari anasema neno zito yeye analipunguza kwa sababu halijui au kwa sababu analijua. Mamlaka ya nyumba yamepinduka na wote wawili wanalijua hilo wakirudi nyumbani, na baba atalilipiza kwenye kitu kingine kabisa, viatu vimeachwa mlangoni, kitu kama hicho. Ukitaka kuandika kwamba familia hii haina pa kukaa sawasawa, andika hilo, hutahitaji neno "utambulisho" hata mara moja.

Vilevile fomu. Waandishi wa riwaya hizi wazuri wanapenda sana fomu kwa sababu fomu haina subira na mila za mtu. Jhumpa Lahiri kwenye The Namesake, 2003, kuna wazazi Wabengali wamepata mtoto Marekani, kwao jina rasmi la mtoto linaweza kusubiri, na safari hii bibi yake mama ndo aliyepewa heshima ya kulichagua, kalituma kwa barua kutoka Calcutta. Barua haifiki. Hospitali haiwezi kumtoa mtoto bila cheti, cheti hakiwezi kukaa bila jina, basi wanaandika Gogol, jina la mwandishi wa Kirusi anayependwa na baba, kama jina la nyumbani tu la kuzugia, na mtoto analibeba mpaka anafika miaka 18 anakwenda kulibadili kisheria. Hapo hakuna mbaya. Karani anafanya kazi yake, bibi alituma barua yake. Tamaduni mbili zinagongana kwenye kisanduku cha kujaza, na kijana mzima analipia.

Hili la tamaduni nyingi kama sera ya serikali nalipita haraka. Kanada ilitangaza sera yake mwaka 1971 chini ya waziri mkuu Pierre Trudeau, ikawa sheria 1988, na hapo katikati na baadaye ndo tunapata waandishi kama M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi akakulia Dar es Salaam. No New Land yake ya 1991 iko kwenye jengo moja la ghorofa kule Don Mills, Toronto, limejaa Wahindi waliotoka Dar, wana msikiti wao, masengenyo yao, wamebeba hata vyeo vyao vya zamani. Sera inasema karibuni na tamaduni zenu, riwaya inakuonesha tamaduni zenyewe zikiwa na wakubwa na wadogo wake, na mhusika mkuu Nurdin Lalani anabanwa na watu wake karibu sawa na anavyobanwa na nchi mpya. Neil Bissoondath, mwandishi mwingine mhamiaji wa hukohuko, mwaka 1994 alitoa kitabu kizima cha kuipinga sera hiyo, kwamba inaugeuza utamaduni kuwa ngoma na mavazi ya sikukuu. Mimi sikubaliani naye kwa yote, sera ile iliwafungulia watu milango ya kazi na ya uchapishaji, ila kwa mwandishi wa riwaya onyo lake ni zuri sana. Sura yako ya sherehe ya shule, watoto wamevaa mavazi ya asili na kila nchi ina meza yake, ni sura ya sera. Itoe, au mfanye mmoja agome kuvaa.

Na kuna kosa moja ambalo jamaa yako na waandishi wengi mnalifanya pamoja, mnadhani familia ilitoka mahali ambapo kila mtu alikuwa kitu kimoja, ikaenda mahali pa mchanganyiko. Ni mara chache. Paradise ya Gurnah, 1994, ambayo Ida Hadjivayanis kaileta kwa Kiswahili kama Peponi mwaka 2022, haina Mwingereza wala baridi, ina mtoto Yusuf aliyetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kufidia deni, anafundishwa kumwita ami mtu ambaye si ami yake, na karibu naye kuna Waarabu, Wahindi, watu wa bara, Wajerumani wanakuja, kila mtu anajua lugha ipi atumie kwa nani. Adam Shafi naye kwenye Vuta N'kuvute ana Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anatoroka ndoa, watu wake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma kule Ng'ambo, Zanzibar. Huyo ni mtu ambaye hakufika hata Ulaya ila kapoteza ukoo mzima. Watu wanaotoka kwenye sehemu kama hizo hawakwenda Ulaya kujifunza kuchanganyika. Kwahiyo sura zako za "nyumbani" mwanzoni, zile zenye kijiji kizuri ambacho wote wanaongea lugha moja na kupendana, sikuziamini. Tia jirani ambaye bibi hakutaka mtu aolewe kwao.

Mwisho wa riwaya sasa, kwamba lazima arudi au akubali. Ifemelu anarudi Lagos, na huko jina la kitabu linamshukia, anaonekana aliyerudi na mambo ya Marekani, analalamika kwenye vikao na wenzake waliorudi afu anajichukia kwa kulalamika. Kurudi hakukumaliza kitu, kulianzisha sura nyingine. Moses, mhusika mkuu wa kitabu cha Selvon, kila mwaka anasema mwaka huu naondoka London, haondoki, na kila msimu anaenda stesheni ya Waterloo kuwapokea wageni wapya anaowalalamikia. Ukimuuliza Moses ni wa wapi atakutukana, lakini anajua chumba kipi ni rahisi, kazi ipi inachukua watu weusi, nani kafika jana na hana koti, na wote wanakuja chumbani kwake Jumapili kupiga soga. Ni mtu wa pale kabisa kwa kila kipimo isipokuwa kile cha kusema "mimi ni wa hapa". Kwahiyo mwisho wako kuwa hauko wazi sioni kosa. Kosa nililoliona ni kwamba yule binti mhusika wako kwenye ukurasa wa mwisho anafikiri kuhusu kuwa wa mahali, peke yake, kwenye basi, aya nne. Mpe kitu cha kufanya. Kuna mpangaji mpya uliyemtaja mara moja ghorofa ya chini, hajui kusoma barua za manispaa. Mshushe akamsomee, na aamue kama atamsomea zote.

Ukiwa na muda wa kitabu kimoja tu kabla hujaandika upya, anza na Selvon, kifupi, wikendi inatosha, na kisome kwa sauti hata kama majirani watakushangaa. Afu nitumie tena sura ya tatu, hiyo ya hospitali, bila italiki na bila faharasa, tuone nani atapotea.